Mlolongo wa Chui Kwenye Ukungu

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na bonde lenye chemchemi moja tu. Wewe hapo nyuma, sogea. Na wewe acha kumfinya mwenzako! Hadithi hii haifai kusikilizwa ukiwa umekaa peke yako kwenye kona.

Bonde hilo lilikuwa na ukungu. Si huu wetu unaokimbia jua likichomoza, la! Ule ulikaa mpaka adhuhuri, mzito, hata pua yako huioni. Na kila kiangazi wanyama walimchagua Mlinzi wa Chemchemi, yule anayeamua nani anywe na nani asubiri.

Vyama vilikuwa viwili, Pembe na Meno. Kila chama kiliteua mtu wake kwanza, kisha wateule wawili wakashindana. Kura ilikuwa ya mlolongo. Mgombea anasimama mbele, wewe unajipanga nyuma yake, pua mgongoni kwa mwenzako usije ukapotea. Akitembea, mnatembea, mpaka mhesabiwe. Na mwiko ulikuwa mmoja: ukishajipanga, hugeuki nyuma. Wazee waliuweka ili mtu asijue nani kamfuata na nani kamkimbia, ugomvi usiingie majumbani. Ukigeuka tu, kura yako imeharibika.

Mwaka huo Pembe hawakuelewana. Nyati alitaka, Pofu naye, yule swala mkubwa kama ng'ombe, alitaka. Siku ya uteuzi vijana wa Nyati wakaziba njia, na watu wa Pofu waliojitahidi kupita wakasukumwa kwa pembe. "Rudini kwenu, vibaraka nyie!" Nyati akatangazwa mshindi. Badala ya kuwabembeleza wenzake akacheka, "Hoh! Mwenye kununa na anune!"

Mmoja wa waliosukumwa alikuwa digidigi jina lake Kombo. Alirudi nyumbani sikio limechanika. Mkewe, Bi Sikudhani, alimfunga majani huku machozi yanamtoka kwa hasira.

"Nimpigie kura Nyati mimi?" Kombo alifoka. "Thubutu! Bora nimpigie Chui!"

"Hata mimi," alisema Bi Sikudhani, na hakuwa anatania. "Wewe pona kwanza. Mimi nitatangulia kujiandikisha."

Chui ndiye aliyekuwa mgombea wa Meno. Huyo bwana hakuonekana, alisikika tu. Ulikwenda mpaka ukingo wa korongo, ukasimama, na sauti ikatoka ndani ya ukungu, laini, ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Karibuni, wanangu. Pole kwa yaliyowapata. Kwangu hakuna pembe ya kumchoma mtu."

Na karibu na sauti hiyo, pembeni, Fisi msemaji wake: "Hii-hii-hiii! Mmesikia wenyewe! Wageni wajipange nyuma, tufanye mazoezi ya mlolongo!"

Watu wa Pofu walihamia kwa makundi. Bi Sikudhani alijipanga nyuma ya Mama Kuro, swala mkubwa wa kando ya maji, mjane mwenye maneno mengi. Mwisho kabisa, nyuma ya Bi Sikudhani, akaja binti wa Mama Kuro, Kibibi, ambaye ndiyo kwanza anapiga kura maishani mwake. Alikuwa na furaha, pumzi yake inampuliza Bi Sikudhani mgongoni, fuu, fuu, inanukia majani mabichi.

Wakatembea. Ukungu umewafunika, hakuna anayeongea. Kwato tu, ko, ko, ko.

Ghafla, kwap!

Sauti ndogo tu. Pumzi ya Kibibi ikakatika. Bi Sikudhani akasubiri. Kimya. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe, akaizuia.

Kisha pumzi ikarudi mgongoni mwake. Lakini haikuwa ile. Hii ilikuwa ya moto na inanuka mzoga. Ikamsogelea, ikamnusa taratibu toka mkiani mpaka shingoni. Halafu akasikia mtu anajisemea kwa sauti ya chini, "Mh. Leo imetosha."

Ee Mola wangu! Alitembea tu kwa sababu wa mbele walitembea.

Mazoezi yalipokwisha, Mama Kuro alimtafuta binti yake. Fisi akamjia anajilamba midomo, ananuka mzoga ule ule.

"Hongera, mama! Kibibi kahamia ng'ambo. Mzee kamwona anafaa, kampa kazi."

"Jamani! Kazi, mwanangu!" Mama Kuro alipiga kigelegele.

Bi Sikudhani akamvuta pembeni. "Dada, mwanao hayuko ng'ambo. Nimesikia kwa masikio yangu, kuna kitu kinatembea nyuma yetu."

"Ulimwona kwa macho?"

"Ningegeukaje? Ni mwiko."

"Basi nyamaza! Huo ni wivu, huna lingine."

Alipofika nyumbani, mumewe naye hakusikia la mtu. "Nyati kakutuma umwokolee kura!" alisema Kombo. "Sikio limepona. Kesho ni kura, na mimi nakwenda."

Moyo wa Bi Sikudhani ukafanya paa! Mgeni anajipanga nyuma. Kesho wa mwisho kwenye mlolongo atakuwa Kombo wake. Angemfunga kamba? Angelia? Alilia kidogo, msidhani hakulia. Kisha akajifuta uso, akaenda peke yake mpaka ukingo wa korongo.

"Mzee Chui. Ni mimi, digidigi."

"Nakusikia, mwanangu. Sogea."

"Hapa panatosha." Alikanyaga jiwe kwa nguvu asiteleze korongoni. "Mzee, najua Fisi anamla wa mwisho."

Kisha sauti ikatokea upande mwingine kabisa, karibu na bega lake. "Umemwambia nani?"

"Ningemwambia nani, mzee, na Nyati amemchana mume wangu? Wakiliwa na waliwe. Ninachokuulizia ni haki yako. Leo Fisi alikuletea nini?"

"Kwato," alisema Chui, na sauti ilipungua upole.

"Kwato! Na paja je?"

"Alisema hakuwa na paja."

"Alaa! Kuro asiye na paja? Wewe unasimama mbele na njaa yako, unahubiri mpaka koo linakauka, mwenzako anashiba nyuma! Sikiliza. Kesho uzungushe mlolongo kwenye Mwamba Mkuu, lile jiwe kubwa la bondeni. Wafuasi wako ni wengi, mkia utalizunguka jiwe lote utokee mbele yako. Wa mwisho atakuwa hapo hapo kwenye pua yako. Ila usimwambie Fisi."

Chui alicheka polepole, mara ya kwanza mtu kumsikia akicheka. "Una akili, mdogo wewe. Baada ya kura uje unione."

"Nitakuja," alijibu, akaondoka bila kukimbia, maana angekimbia angefukuzwa.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito kupita siku zote. Chui alitangulia, mlolongo ukafuata, ukaanza kuuzunguka Mwamba Mkuu. Ko, ko, ko. Bi Sikudhani karibu na mwisho, Kombo nyuma yake.

"Kombo," alinong'ona bila kugeuka. "Nyuma yako kuna nani?"

"Hakuna mtu. Mimi ndiye wa mwisho."

"Basi mbona kuna pumzi?"

Kombo alitaka kumkaripia. Kisha akasikia. Hah... hah... Ya moto, inanuka, inapanda mgongoni kwake. Miguu myepesi inakanyaga pale pale alipotoka kukanyaga yeye, chap, chap, chap. Na mate, tone kwa tone.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Ruka!"

Wakaruka wote wawili, fyuu, ndani ya ufa wa mwamba. Ufa ule ulikuwa mwembamba, mtu mwingine asingeingia ila digidigi. Wakabanana humo, mioyo yao inapiga kama ngoma moja.

Fisi akapita mbele yao, shingo ameinyoosha, anapapasa ukungu kwa pua. "Yuko wapi? Alikuwa hapa sasa hivi..." Na nyuma ya Fisi, bila sauti yoyote, akatokea Chui, amezunguka mwamba mzima. Mbele ya pua yake aliona kivuli cha nyonga inayochechemea, imejaa, imenona.

Akafumba macho kwa utamu. Akauma. KWAAP!

"Yalaaa! Mama nakufa!" Fisi alilia bonde zima likasikia. "Umekosea! Wa kuliwa ni wa mbele yangu! Mimi ndiye mlaji!"

"Fisi?" Chui alitema manyoya. "Mwizi wewe! Paja la Kuro liko wapi?"

"Si tulikubaliana, Mzee? Wewe useme, mimi nimle wa mwisho, tugawane! Leo unanila mimi?"

Mlolongo ulisimama. Hakuna aliyegeuka, mwiko ni mwiko. Ilisikika sauti moja tu, ndogo.

"Wa mwisho?" aliuliza Mama Kuro. "Lakini jana wa mwisho alikuwa mwanangu."

Akageuka. Alikuwa wa kwanza kugeuka tangu bonde liwe bonde. Halafu wengine wote wakageuka, mmoja mmoja, wakasogea mpaka wakawaona wale wawili na meno yao. Pembe zikainama. Wenye mabavu hao, Chui na Fisi, walitimka wakikanyagana, ukungu ukawameza.

Kelele zilimleta Nyati, mbio. "Nini? Mlikuwa mnafanya nini huku na Meno, nyie?"

"Ulitusukuma wewe," alisema Kombo, akitoka ufani kumwonyesha sikio. "Na sisi tukajileta wenyewe."

Safari hii Nyati hakucheka.

Bi Sikudhani alitoka kwenye ufa akaenda kumshika Mama Kuro, lakini yule mama hakushikika. Alisimama ukingoni mwa korongo anaita, "Kibibi! Kibibi wee! Mwanangu, itika!"

Kutoka mbali, ndani ya ukungu, kikajibu kicheko: hii-hii-hiii.

Basi wajukuu zangu, ukihama kwenu kwa hasira, mtazame vizuri anayekupokea.