Laini ya Bi Mwanakheri

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, alikuwapo mpishi mmoja mjini Tabora, Bi Mwanakheri. Mkono wake ulisifiwa, ulimi wake uliogopwa. Pilau ya harusi, yeye. Pilau ya akika, yeye. Pilau ya hitima, yeye. Na kila aliyetaka pilau alipiga namba moja, ile laini aliyokuwa nayo tangu ana meno yote.

Shida ni kwamba simu hulia mikono ikiwa kwenye vitunguu. Wateja walipiga, wakachoka, wakaenda kwingine. Ndipo mpwa wake akamtafutia wasaidizi wa mtandaoni, watu wanaofanya kazi kwa simu na kompyuta wakiwa makwao. Kemilembe wa Bukoba akapewa kujibu ujumbe. Wakio wa Voi, kule Kenya, akapewa kupokea simu. Ambakisye wa Tukuyu akapewa daftari la shughuli: nani, lini, watu wangapi.

Bi Mwanakheri hakuwahi kuwaona watu hawa, na kwa sababu hiyo hakuwasalimia. "Nimsalimie nani, kioo?" alimuuliza mpwa wake. Basi Kemilembe akiandika, "Shikamoo, Mama," hujibiwa, "Orodha." Wakio akiandika, "Shikamoo, Mama," hujibiwa, "Harusi ya Jumamosi vipi?" Ambakisye akiandika, "Shikamoo, Mama, leo Jumapili niko kanisani," hujibiwa, "Ukitoka, orodha."

Tena alikuwa na sheria yake. Kila aliyeagiza pilau alitumiwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, na aliyapenda kuliko alivyopenda pilau: *Hongera sana! Tunafurahi pamoja nanyi. Mungu aijalie nyumba yenu shughuli nyingine kama hii kabla mwaka haujaisha.*

Kemilembe aliyasoma, akashtuka. "Mama, akija mwenye msiba je? Niruhusu niandike mengine ya hitima."

"Kazi yako kutuma," akajibiwa. "Kutunga niachie mimi."

Siku Ambakisye alipompeleka mtoto wake kubatizwa, Bi Mwanakheri alimpigia mara saba. Mara ya nane Ambakisye akapokea. "Mama, kazi yako naipenda, ila mimi ni mtu, si swichi." Akaacha kazi. Lakini hakuondoka kwa kisirani. Alikabidhi daftari ukurasa kwa ukurasa, na kila mteja kamwandikia neno: huyu hataki pilipili, huyu ana wake wawili wasiokaa meza moja, huyu umwendee mwenyewe.

Basi mwaka huo Bi Mwanakheri akapata nafasi ya kwenda Hija, baada ya kuingoja miaka kumi na miwili. Akatangaza: "Kabla sijaondoka, laini yangu nitamkabidhi mmoja. Huyo ndiye atakayekubali shughuli na kukataa, ndiye atakayewaagiza wapishi, na jina lake litaandikwa kibaoni ubavuni mwa langu. Hata nikirudi, sitamnyang'anya."

Akaanza kuzunguka mtaani kuomba radhi, kama ilivyo ada ya mwenye kwenda Makka. Nyumba hii, "Nisamehe jirani." Nyumba ile, "Nisamehe jirani." Ikabaki nyumba ya Mzee Mrisho, na Mzee Mrisho ndiyo kwanza kafiwa na mama yake. Siku hiyohiyo aliagiza pilau ya hitima.

Kemilembe akaandika haraka: "Mama, huyu kafiwa. Nitume maneno yaleyale?"

Bi Mwanakheri alikuwa anapima nguo za safari. Hakusoma mpaka mwisho. "Tuma! Nikwambie mara ngapi?"

Kemilembe akatuma.

Mzee Mrisho alisoma mbele ya watu waliokaa mkekani. Hongera sana! Shughuli nyingine kama hii kabla mwaka haujaisha! Tasbihi zikasimama. Akapiga simu, Wakio akapokea. "Mwambie Mwanakheri pilau yake ale mwenyewe. Na radhi yangu asihangaike kuitafuta."

Wakio hakungoja kuambiwa la kufanya. "Mzee, pole sana. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyetuma, Mama hajui lolote. Na pilau ya hitima tunaileta sisi, ni sadaka yetu kwa marehemu." Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli hata kama maneno hayakuwa. Mzee akalainika. "Haya, aje basi."

Bi Mwanakheri alipoambiwa, aliziacha nguo za safari. Miaka kumi na miwili anangoja safari hii, na sasa aende ana kinyongo cha mfiwa mgongoni? Akashukuru kwamba Wakio kamwokoa. Akajitanda ukaya kichwani, yuko mlangoni, simu ikalia. Ambakisye, kutoka Tukuyu. Wakio alikuwa amemsimulia yote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Mwanakheri, na yeye mwenyewe akashangaa kujisikia.

"Usiende na uongo wa Wakio. Ukisamehewa kosa la mtu mwingine, lako si litabaki palepale? Msome Mzee Mrisho daftarini. Niliandika: umwendee mwenyewe, umwambie ukweli, anapenda mtu asiyezungukazunguka."

Hakulipenda neno hilo hata kidogo. Lakini alikwenda. "Mzee Mrisho, yale maneno niliyatunga mimi. Nilionywa, nikakataa. Yule binti alinisitiri tu."

Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Mama yangu angecheka mpaka khanga imdondoke," akasema. "Nimekusamehe, Mwanakheri. Na huyo binti aliyejitwika kosa lako, je, umemwomba radhi?"

"Yuko Voi."

"Nimekuuliza yuko wapi?"

Bi Mwanakheri alirudi nyumbani ameinamisha kichwa kwa aibu. Akamwambia mpwa wake awaite wote watatu kwa simu ya video. Kwa mara ya kwanza akaziona nyuso zao: Kemilembe ana mwanya, Wakio ana miwani, Ambakisye kampakata mtoto. Akawasalimia mmoja mmoja, akawauliza habari za nyumbani, akawaomba radhi huku analia. Wote wakamsamehe. Kisha akasema, "Sasa, laini."

Kemilembe akasema, "Mama, nilikuonya mara mbili. Uliposema tuma, nikatuma. Ukiwa Makka utataka mtu atakayesema anachokiona, kisha afanye ulichoamua."

Wakio akasema, "Kemilembe, ulijua ni ubaya na bado ukatuma! Mama, mimi sikungoja amri. Ukiwa Makka simu italia na wewe hupatikani. Nani atakayeuzima moto?"

"Kwa kumdanganya mfiwa?" akasema Kemilembe. "Na kugawa pilau isiyo yako?"

Ambakisye akasema, "Mama, mimi niliondoka. Lakini daftari langu halikuondoka, na nilirudi bila kuitwa nikakwambia usilotaka kusikia. Bila hilo, ungepanda ndege na radhi ya bandia."

"Ulituacha na kazi yako juu yetu," wakasema wale wawili kwa pamoja, na hapo ndipo pekee walipokubaliana.

Siku ya safari ikafika. Gari linaunguruma nje, mpwa kashika begi, Bi Mwanakheri kashika simu. Na simu, ilivyo haina adabu, ikalia: kuna mtu anataka pilau.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie aigawe. Laini ni moja, haikatwi vipande vitatu. Yupo aliyeonya kisha akatii. Yupo aliyedanganya akaokoa. Yupo aliyeondoka, akarudi na ukweli mkononi. Simu inaendelea kulia. Je, nani alistahili kuipokea?