Alichosema Kipusa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri. Sogeeni basi, na anayetafuna mahindi atafune polepole tusikizane.

Hapo kale, wanyama walipokuwa hawajachoshwa na mazungumzo yetu, palikuwa na kijiji kikavu kiitwacho Kavumo. Humo aliishi mwanamke mchukuzi wa maji, jina lake Mkasi, na punda wake Kipusa. Kipusa alisema na watu. Hakupaza sauti, ilibidi umwinamie, utege sikio, naye akunong'oneze. Ndiye aliyenusa maji chini ya mawe, akawaambia watu wachimbe, wachimbe, wachimbe, mpaka kisima kikapatikana. Akasema kiwe cha wote, kikawa cha wote, kwa kuwa neno lake halikupingwa na mtu.

Asubuhi moja Mkasi alimkuta zizini amekufa. Kijiji kizima kililia. Wakamzika kama azikwavyo mtu, wakakaa matanga siku tatu, kila mmoja akieleza alichowahi kuambiwa. Huyu alionywa asipande mtama mapema. Yule aliambiwa mwanawe si mtukutu, anaumwa sikio.

Siku ya tatu akasimama Jumbe Vuai, mkuu wa kijiji. Akasema siku mbili kabla ya kufa, Kipusa alimwachia yeye kisima. Watu hawajapumua, Ngwali mfua vyuma naye akasimama, akadai kisima aliachiwa yeye.

Mkasi akawatazama, asiwaamini. Lakini shaka yake kubwa haikuwa juu yao. Ilikuwa juu ya Chausiku, mjane mkamua mafuta, aliyeketi pembeni kimya. Wiki nzima Mkasi alimwona akitoka zizini alfajiri, ameficha kitu chini ya kanga. Alipomsalimu, aliitikia haraka haraka akapita. Na sasa punda amekufa. Alimlisha nini? Alitumwa na nani?

Mkasi akaomba kila aliyesema na Kipusa siku zile za mwisho ayarudie maneno yake kama yalivyotoka.

Jumbe akakohoa kidogo. "Aliniambia, 'Jumbe Vuai, kisima hiki nakuachia wewe.'"

"Mimi aliniambia, 'Ngwali mwana wa Makame, kisima ni chako,'" akasema mfua vyuma.

Mkasi akawauliza kama kweli Kipusa aliwaita kwa majina yao. Wakasema ndiyo, wote wawili.

"Basi hakuwa Kipusa," akasema Mkasi. "Hakujua jina la mtu hata mmoja. Alitujua kwa harufu."

Mama mmoja akasema ni kweli, yeye aliitwa Majivu. Mwingine akasema aliitwa Maziwa Mgando. Mtengeneza ngoma akasema, kwa haya kidogo, kwamba yeye aliitwa Ngozi Mbichi. Wote waliowahi kumwinamia walilijua jambo hilo. Jumbe hakuwahi kumwinamia punda, wala Ngwali. Akaketi, na Ngwali akaketi, na kisima kikabaki kama kilivyokuwa.

Hapo Mkasi akamgeukia Chausiku. "Na wewe, dada, zizini kwangu ulifuata nini?"

Chausiku hakutaka kusema. Akaombwa mara ya kwanza, akaombwa mara ya pili, mara ya tatu akafungua kinywa.

"Mimi aliniita Ufuta. Habari za kisima hakunipa. Alisema kifua kinamuuma, nikawa namletea mafuta ya moto namsugua. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utamwacha apumzike, mitungi uibebe mwenyewe, na mgongo wako umeshaharibika."

Mkasi akayapima maneno hayo. Jina la Ufuta mtu angeweza kulibuni pale pale. Lakini mgongo? Maumivu ya mgongo hakuwahi kumwambia mtu, wala mama yake mzazi. Alimwambia Kipusa peke yake, njiani, mtungi ukiwa mzito.

Akaketi chini. Akakikumbuka kilima walichokuwa wakipanda na mitungi wakitoka kisimani. Wiki ile Kipusa alisimama njiani, akasimama tena, akasimama tena. Mkasi alidhani ni ukaidi. Hakumwinamia kumsikiliza. Alimchapa kwa kamba.

Watu walipotawanyika, wale wanawake wawili walibaki. Walikaa, jua likiwachoma mabega. Hatimaye Mkasi akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku ile niliyomchapa. Kesho yake alfajiri alikwambia lolote?"

Chausiku akaitazama mikono yake, akaitazama sana.

"Hakusema lolote, dada."

Mkasi akamchunguza usoni. Hakujua kama ameambiwa kweli au amehurumiwa. Lakini yeye, aliyewataka wote wayarudie maneno yao, safari hii hakumtaka mtu arudie. Akamshika Chausiku mkono, wakainuka, wakashuka pamoja kwenda kuteka maji.

Na hadithi yangu imeishia hapo walipoishia kuonekana.