Lugendo na Vikapu vya Chumvi

Zama ambazo Walumeta walikuwa hawajaitwa Walumeta, bali koo tatu zilizotawanyika kwenye mabonde ya chumvi na kusalimiana kwa shida, alizaliwa Lugendo mwana wa Mwandu, mwana wa Ntabo mhunzi aliyetoka kaskazini na nyundo yake begani. Mama yake, Nyanzige, alimzaa mchana wa kazi, karibu na jiko la kuchemshia maji ya chumvi. Akamfunga nguo ya magome, akamweka kivulini, akarudi kukoroga chungu kisiungue.

Ndiye huyo Lugendo, Bega la Mlima, Mfunga Njia ya Adui. Siku hizo koo zote tatu zilitawaliwa na Shilungule, mtemi wa tambarare, ambaye watu wake walipanda kila mavuno kuchukua nusu ya chumvi ya kila nyumba, na nyumba iliyosita ikavunjiwa vyungu. Lugendo alipokuwa kijana kamili alikwenda kwenye genge, mwanya mwembamba wa miamba wa kuingilia mabondeni, akaingiza bega chini ya jabali lililokuwa limewashinda wanaume kumi, akalisukuma tangu asubuhi mpaka jua la utosi, likaporomoka na kuifunga njia. Jeshi la Shilungule likabaki upande wa pili likitukana mawe. Waliojaribu kupanda walikutana na mkuki wake, na waliobaki wakageuza.

Koo tatu zikamketisha Lugendo kwenye kiti cha utemi. Kisha, kama ilivyokuwa desturi, kila nyumba ikaleta kapu lake la chumvi, posho ya mwenye kiti, vikapu vikapangwa mstari kuanzia mlangoni kwake hadi kwenye mteremko. Lugendo alivitazama, akakumbuka vyungu vilivyovunjwa.

"Bega langu halikusukuma jabali ili mikono yenu inilishe," alisema. "Rudisheni vyote. Nina jiko, nina chungu, nitachemsha chumvi yangu."

Aliingia ndani ameridhika na nafsi yake. Alitegemea kusikia vigelegele, lakini alichosikia ni vikapu vikiinuliwa kimyakimya.

Miezi ikapita. Hakuna aliyeleta shauri mbele yake. Walinzi wa genge walipungua, mmoja baada ya mwingine. Akipita njiani watu walimwamkia vizuri, kisha wakawaita watoto wao waingie ndani. Lugendo, aliyeweza kusoma nyayo za jeshi juu ya mwamba, hakuweza kusoma nyuso hizo.

Mkewe Kalunde ndiye aliyemwambia, akichuja maji ya chumvi, bila kuinua kichwa.

"Baba Ndaki, unajua wanasema nini kisimani?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba Shilungule alikula nusu, na wewe hukulamba hata chembe. Wanajiuliza yupi mbaya zaidi."

"Niliwahurumia, Mama Ndaki."

"Najua. Lakini mgeni akija kwa heri hufanya nini mlangoni?"

Jibu Lugendo alilijua tangu utotoni. Katika mabonde yale anayeingia kwa amani hulamba chumvi ya nyumba, na akishailamba hawezi kuinua mkono dhidi ya nyumba hiyo. Anayeikataa amekuja kwa vita. Yeye aliona mali ndani ya vikapu vile, akasahau kwamba ndani yake kulikuwa na kiapo.

"Ukoo wa Ikombe wamefunga mizigo," Kalunde aliongeza. "Wanahama leo. Wakiondoka hao, wengine watafuata, na genge utalilinda na mimi."

Lugendo alishuka mteremko bila mkuki. Alimkuta Ikombe, mkuu wa ukoo ule, mzee mwenye ulimi mkali, amekwisha kuwatwika watu wake mizigo.

"Mzee wangu," alisema Lugendo, "naomba chumvi."

Ikombe alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Imepata utamu leo? Au kile chungu chako kimepasuka?"

Watu wakacheka, na Lugendo akaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha akapiga magoti, yeye ambaye jabali halikumpigisha, akafungua kiganja. Ikombe akafungua mzigo wake mwenyewe, akamwekea kibano kimoja cha chumvi, kiasi cha ncha za vidole viwili, na Lugendo akakilamba mbele ya wote.

Ikombe alipotaka kumpa kapu zima, Lugendo alilizuia kwa mkono.

"Chembe hii inanifunga kwenu," alisema. "Iliyobaki hainifungi, inaninenepesha tu. Mpelekeeni ambaye chungu chake kimepasuka."

Mizigo ikatuliwa. Siku ile Lugendo alipita nyumba kwa nyumba katika koo zote tatu, akilamba kibano katika kila kiganja, hata ulimi ukachanika na damu ikaonekana midomoni. Hakuruka mlango. Shilungule aliporudi kiangazi kile na jeshi maradufu, alikuta gengeni watu wa kabila moja, wakijiita Walumeta, akashindwa, na hakurudi tena.

Lugendo alitawala kwa miaka mingi akila alichochemsha. Kalunde alipofariki, nyumba zote zilileta vikapu vya msiba. Alilamba kibano kutoka kila kapu, akaagiza vilivyobaki vipelekwe kwa wajane, kisha akarudi jikoni, kwa sababu maji yalikuwa motoni na sasa hapakuwa na mwingine wa kuyakoroga.

Mikono yake iliposhindwa kuinua chungu, aliwaita Walumeta. "Asiyeweza kujichemshia chumvi asikalie kiti hiki," alisema. Akainuka, akaelekea msitu wa magharibi peke yake. Walimtafuta, hawakuona kaburi wala unyayo.

Tangu hapo kila mtemi wa Walumeta husimikwa kwa kibano kimoja kutoka kila nyumba, na kapu hupita mbele yake likienda kwa mwenye shida. Akinyoosha mkono mara ya pili, watu huinuka bila neno, wakaenda zao. Ni mmoja tu aliyewahi kuunyoosha. Alikaa juu ya kiti kile mpaka jua likazama, akashuka kilimani peke yake, na hakuna anayelikumbuka jina lake.