Ulimi Uliteleza, Akaanguka Kanga

Paukwa! Mbona kimya, mmeshasinzia? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, sogeeni.

Hapo zamani za kale, kanga na kuku wakilala banda moja, paliondokea mama kijana, Mwanamvua, na mwanawe wa kwanza, Mbwana. Mtoto akashikwa na homa, analia, hanyonyi, analia, na mama mtu hajawahi kuuguza, moyo unamwenda mbio, akambeba mbiombio hadi kisimani, na hata kabla hajaulizwa akaropoka:

"Ni Kanga! Jana kamsifu mwanangu eti mnono, wala hakusema mashallah. Kanga ana kijicho!"

Ngedere kasikia. Mbuzi kasikia. Jua halijatua, msitu mzima umesikia. Kanga alipokuja na vifaranga kunywa, wakamfukuza: "Toka! Usiyatilie kijicho maji yetu!"

Kulipokucha, Mwanamvua akapapasa ufizi wa Mbwana. Lo! Jino! Kumbe homa ya meno! Akamkimbilia Kanga kichakani, akamkuta kawafunika vifaranga kwa mbawa, midomo imewakauka.

"Shoga, nilikuwa natania."

"Utani gani huo? Wanangu wanakufa kwa kiu."

"Basi shoga, ulimi uliteleza."

"Umeteleza ulimi wako, nimeanguka mimi."

Mwanamvua akalia. "Sasa nisemeje, mwenzangu?"

"Sema, natengua kauli. Neno hilo linauma kutamka, kama mguu uliotenguka. Na usiniambie mimi, mimi najua sina kijicho. Waambie uliowaambia, nao wawaambie waliowaambia. Nitakunywaje maji kabla ya hapo?"

Mwanamvua akarudi kisimani. Watamwitaje? Wakimfukuza na yeye, Mbwana atakunywa nini? Akafumba macho, akasema:

"Natengua kauli! Kanga hana kijicho. Natengua kauli! Yalikuwa meno. Natengua kauli! Nilimsingizia kwa hofu yangu."

Mbuzi akaacha kutafuna.

"Yaani ulitudanganya?" akauliza Ngedere.

"Niliwadanganya. Nawaomba, jamani, wapelekeeni wote habari hii, Kanga apate kunywa leo hii."

Ngedere akamtazama mama yule kijana, mtoto mgongoni, machozi yanachuruzika mpaka kidevuni. Akamwonea huruma kwelikweli. Akashuka mtini, akamshika mkono.

"Nyamaza, mama Mbwana. Ni aibu kubwa hii, nani atakuanika? Mbuzi, umesikia kitu wewe?"

"Mimi? Sijasikia kitu."

"La, la, semeni! Wanangu... wanawe Kanga watakufa!"

"Nyamaza, mama," wakamfuta machozi. "Hatumwambii mtu."

Na hawakumwambia mtu, wanangu. Kanga akawahamishia vifaranga wake porini, mbali, na mpaka leo akimwona mtu anakimbia.

Hadithi yangu nimeitua hapo.

"Shoga, tunakuapia," Ngedere na Mbuzi walimwambia Mwanamvua siku ile wakiondoka kisimani, "hatumwambii mtu mwingine."