Chungu cha Chokaa na Chungu cha Masizi

Mwovu akilala usingizi, analala kiovu?

Niliuliza hivyo Jumamosi iliyopita, mezani hapa hapa. Lusajo, msimulizi wa mchezo wetu wa kuigiza kwa dadu, alikuwa ametusomea kwamba watu wa pangoni ni waovu wote, kuanzia bibi kizee hadi mtoto wa mgongoni, na kwamba wiki hii wahusika wetu watakwenda kuwamaliza. Wamefanya nini? Hawajafanya kitu. Wameandikwa tu. Nikauliza swali langu. Lusajo alitafuna karanga zake akasema, "Tunu, ni mchezo tu."

Haya. Wiki imefika. Kabla mtu hajagusa dadu, nina ngano, na ngano hailiwi bila kupepetwa.

— Ngano.
— Ipepetwe.
— Pumba?
— Zipeperuke.
— Punje?
— Tutafune.
— Na atakayesinzia?
— Ataamkia pumba.

Basi, alikuwepo Kicheche.

Mnacheka nini? Kicheche ni mnyama. Mdogo, ana kucha za kuchimbia, na akibanwa anatoa harufu ya kumfanya chui akumbuke shughuli nyingine. Hayo mengine mnayowaitia wanawake kwa jina lake ni yenu, hayamo katika ngano yangu. Lakini jioneni: jina limetajwa, hajatenda lolote, na mmeshacheka. Tuendelee.

Kicheche alikuwa na watoto, na watoto walikuwa na kiu. Nchi ilikuwa imekauka. Mto umekauka, visima vimekauka, na umande ulikuwa ukikauka kabla haujatua. Lilibaki bwawa moja, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko.

Zamani aliyefika kwanza alikunywa kwanza. Kiboko hakupenda. Alikuwa na tumbo kama ghala na mdomo kama mlango wa ghala, na kila aliyeinamisha kichwa kunywa, Kiboko alimwona anamnywea yeye. Kuwafukuza wote hawezi, ni wengi. Akazama kufikiri. Mapovu yakapanda, buru, buru, buru. Alipoibuka, alikuwa na mchezo.

Mchezo wenyewe mtaufahamu. Jua likiwa la utosi, wanyama wanakaa ukingoni. Kiboko anasimulia: mmefika mahali fulani, mmekuta hivi na hivi, mnafanyaje? Kila mmoja anasema atakalofanya, kisha anatikisa dadu za mfupa, zenye jicho upande mmoja, ndani ya gamba la konokono, kacha-kacha-kacha, anazimwaga, tap. Jicho likitazama juu, umefaulu. Likitazama chini, umeshindwa. Mchezo mtamu. Hata mimi ningecheza.

Ila kabla ya kucheza, unapakwa. Mbele ya Kiboko vilikaa vyungu viwili, kimoja cha chokaa, kimoja cha masizi. Ukipakwa chokaa, wewe ni Upande wa Wema. Ukipakwa masizi, wewe ni Upande wa Uovu. Na mchezo ukiisha, wema wanakunywa maji. Waovu wanakunywa kilichobaki, yaani tope.

"Ni mchezo tu," alisema Kiboko.

Nani anapaka? Kiboko. Anapimaje? Kwa macho. Akaja Swala na kope zake ndefu: chokaa. Akaja Kanga na madoa yake, kapendeza kama anakwenda harusini: chokaa. Akaja Ngiri na sugu zake za usoni. "Loo, baba, hiyo sura au ajali? Masizi." Akaja Kicheche na harufu yake: masizi, na watoto wake masizi.

"Na wewe mwenyewe, Bwana Kiboko?" aliuliza Kicheche.

"Mimi nimejipaka chokaa mwili mzima," alijibu Kiboko, ambaye juu ya maji zilionekana pua na masikio tu. "Huoni kwa sababu ya maji."

Wakaamini. Mwenye chungu huaminiwa.

Siku hiyo Kiboko alisimulia nyumba inayowaka moto, na watoto wamo ndani. "Ngiri, unafanyaje?"

"Naingia nawatoa," alisema Ngiri, na sauti ikamtetemeka, maana alikuwa na moyo. Kacha-kacha-kacha, tap. Jicho juu.

"Umewaiba watoto," alisema Kiboko.

"Nimewaokoa, bwana."

"Mwovu haokoi. Mwovu akimtoa mtoto motoni, ujue anampenda mbichi. Swala, unafanyaje?"

Swala alisema anapita nyuma ya nyumba na kuchukua mtungi wa asali. Kacha-kacha-kacha, tap. Jicho juu.

"Vizuri, mwanangu. Umeilinda asali isiibwe na Ngiri." Kisha Kiboko akainua kichwa ili wote wasikie. "Sheria ndiyo hii. Lolote atendalo mwovu ni ovu. Lolote alitakalo mwovu, wema lazima wasimame walizuie. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," walisema wa chokaa.

"Mimi sijaelewa," alisema Kicheche. "Mwovu akilala usingizi, analala kiovu?"

Kanga alichakura chini kama amepoteza herini. Kiboko alipiga mwayo, aaaah, kereng'ende akaingia mdomoni, akatoka. "Bibi wewe unatuchelewesha," alisema. "Ngiri, zamu yako tena."

Mchezo ulipoisha, wema walikunywa. Kiboko, ambaye ni mwema kuliko wema wote, alikunywa kwanza, akanywa katikati, akanywa mwisho. Kicheche na watoto wake walilamba tope, na tope lenyewe lilikuwa limeanza kupasuka.

"Mama," alisema mdogo wao, na ulimi ulikuwa mzito kama jiwe, "sisi tulifanya nini?"

Kicheche alimvuta karibu. Akamlamba masizi pajini, masizi hayakutoka. Alitazama ule mpasuko wa tope akajua kwamba kesho hakutakuwa hata na la kulamba. Akakaa akitafuna lile swali la mwanawe na sheria ya Kiboko pamoja, kama mtu anayetafuna muwa, mpaka akapata maji yake.

Kesho yake alikuja bwawani ameinua mkia.

"Bwana Kiboko, shikamoo."

"Marahaba, mwovu wangu. Leo umeleta swali gani?"

"Sina swali. Nimekubali. Mimi ni mwovu."

"Umekua."

"Mwovu wa kiasi gani, bwana? Nijue nafasi yangu."

"Wa kutupwa."

"Siwezi kutaka jambo jema hata moja?"

"Hata la kusingiziwa."

Kicheche akawageukia Swala na Kanga. "Wenzangu mmemsikia?"

"Tumemsikia," walisema.

"Basi naomba zamu ya kwanza. Mimi, Kicheche, mwovu wa kutupwa, ninalo ninalolitaka. Nataka Kiboko abaki bwawani. Asitoke. Akae humo, anywe, ajigaragaze, alale humo humo, na maji yote yawe yake mpaka tone la mwisho."

Kiboko alifumbua macho yote mawili. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na hapa ameletewa mto wa kulalia. "Kumbe akili unazo," alisema. "Rusha dadu, bibi. Rusha upesi."

Kacha-kacha-kacha. Tap.

Jicho juu.

"Amefaulu," alisema Kiboko, akajitandaza mpaka maji yakamwagika ukingoni. "Mmeona wenyewe. Nabaki."

Sasa, Kanga ana kichwa kidogo, na wazo likiingia humo linazunguka kwanza likitafuta pa kukaa. Lakini likikaa, limekaa. "Bwana Kiboko," alisema, "samahani sana. Nauliza tu. Analolitaka mwovu, si tunapaswa kulizuia?"

"Hili ni tofauti."

"Tofauti vipi?" aliuliza Swala.

"Hili ni jambo jema."

Kicheche akakaa chini taratibu, akakunja mkia. Mtu akikusubiri kwa utulivu namna hiyo, ogopa. "Naomba ufafanuzi," alisema. "Mwovu anaweza kutaka jambo jema?"

"Anaweza. Mara moja moja."

"Basi Ngiri aliokoa watoto. Mfute masizi, nami unifute, na watoto wangu uwafute, maana hukujua tunataka nini ulipotupaka."

"Hawezi," alisema Kiboko upesi. "Nimekosea. Mwovu hawezi kutaka jema. Hawezi kabisa."

"Basi kubaki kwako bwawani ni jambo ovu. Toka."

Buru, buru, alifanya Kiboko. "Rusha dadu tena. Ile haikuhesabika."

"Narusha. Lakini zikinikataa, nitakuwa nimeshindwa kukubakiza. Utatoka vile vile."

Kiboko akatazama kushoto, akaona chungu cha chokaa. Akatazama kulia, akaona chungu cha masizi. Kwa mara ya kwanza havikumsaidia.

"Jamani," alisema, "ni mchezo tu."

"Ni mchezo tu," alisema Kicheche. "Kwa hiyo kutoka hakutakuuma."

"Toka, bwana," alisema Swala. "Usituaibishe sisi wa chokaa."

Akatoka. Chubwi. Chubwi. Bwaaa. Ukatoka mgongo, likatoka tumbo, yakatoka makalio, na wanyama wote wakanyoosha shingo kuitazama ile chokaa ya mwili mzima.

Haikuwepo. Kiboko alikuwa mweusi wa kijivu kuanzia puani hadi mkiani, kama sufuria iliyokaa mafigani. Jua likampiga, ngozi ikaanza kumtoka jasho jekundu.

"Chokaa iko wapi?" aliuliza Kanga.

"Imeyeyuka," alisema Kiboko.

"Lini?"

Kiboko alikwenda zake vichakani, puta, puta, puta, na tangu hapo jua likiwaka haonekani nchi kavu kirahisi. Kanga anasema ni aibu. Kiboko anasema ni ngozi.

Kicheche hakukimbilia maji. Alimwita Ngiri kwanza, na Ngiri akapiga magoti akanywa. Mpaka leo, mtazameni, hupiga magoti akila. Watoto wa Kicheche wakaingia hadi shingoni, wakanywa, wakatemeana maji, wakapigana, wakanywa tena. Yule mdogo alirudi na maswali mengine kumi, ulimi ukiwa mwepesi kabisa.

Mama yao alipokwisha kunywa, alikwenda kwenye chungu cha chokaa. Masizi yake hakuyafuta. Alichovya kucha, akajichora mistari myeupe juu ya ule weusi, kutoka kichwani, mgongoni, hadi mkiani.

Kanga akamzunguka, akamtazama huku, akamtazama huku. "Sasa dada, wewe ni upande gani?"

"Subiri nitende," alisema Kicheche, "ndipo uniulize."

Akainua mkia, akaondoka na wanawe nyuma yake, na mkia ule hajaushusha mpaka leo. Ukikutana naye, utaona mistari. Ukimwonea, utanuka.

— Ngano.
— Imepepetwa.
— Pumba?
— Za Kiboko.
— Punje?
— Zetu.

Funzo lake ni hili, mlishike vizuri. Mwovu ni mwovu na mwema ni mwema, na haifai mtu mdogo, hasa wa kike, hasa mwenye maswali, kumchelewesha mwenye chungu. Akikupaka masizi, mshukuru, nenda kalambe tope. Ni mchezo tu.

Nimemaliza. Tuko mlangoni pa pango, watu wake wamo ndani, na zamu ya kwanza leo ni yangu. Sitoi upanga. Nabisha hodi, niwaulize wanataka nini.

Lusajo, naomba hizo dadu.