Limbuko la Machungwa ya Bi Semeni

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, Bi Semeni aliachiwa na marehemu mumewe shamba la michungwa. Hakuwa na kingine. Mwaka huo machungwa yakaanza kuanguka kabla ya kuiva, na ukilipasua moja, kiwavi huyo ndani, amenona kuliko mwenye shamba.

Shemeji yake Mhina, mdogo wa marehemu, akasafiri, akarudi na dawa. Akaipulizia miti yote, mayai ya nondo, kipepeo wa usiku azaaye viwavi hao, yakiwa bado yamenata kwenye maganda, kisha akaenda zake bila kusema neno. Ndivyo alivyo Mhina, maneno kwake ni ya kuazima.

Kulipokucha, Bi Semeni akaona viwavi wachanga wametoka mayaini, wanatembea. Kesho yake wanatembea. Keshokutwa wanatembea na kula.

"Shemeji yangu kauziwa maji," akasema. Akakata tamaa, akamwita Kibwana mchoma mkaa aiangushe michungwa yote, mkaa wagawane.

Kibwana akaangusha mti wa kwanza. Akainama kukata matawi, akaona kijidudu juu ya chungwa, akakiinua juani. Kiwavi amekwama: ngozi ya zamani imepasuka kichwani, mwilini imegoma kutoka. Akatazama wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

"Bi Semeni, kiwavi asipojivua hakui, na asipokua hawi nondo," akasema. "Dawa hii haiui siku hiyohiyo. Inamfunga ndani ya nguo yake. Mimi sikati tena." Akabeba shoka lake, akaukosa mkaa wa msimu mzima.

Lakini viwavi waliokwisha kuingia ndani ya machungwa, dawa haikuwafikia. Hao walikomeshwa na Zaina, mke wa mwana wa Bi Semeni, aliyejenga ukingoni mwa shamba. Kila asubuhi aliokota yaliyoanguka akayafukia kwenye shimo refu, wasije wakageuka nondo na kutaga upya.

Msimu ukafika, michungwa ikainamisha matawi. Bi Semeni alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu, akawashukuru watu wake mmoja mmoja. Sasa kwao kuna desturi: limbuko, yaani kapu la kwanza, hupewa aliyeyaokoa mavuno. Hupewa mmoja, wala haligawanywi, maana kuligawa ni kuimega baraka.

"Bila dawa yangu mngevuna nini?" akauliza Mhina. Kwa Mhina, hiyo ni hotuba.

"Na bila macho yangu," akasema Kibwana, "dawa yako ingelinda visiki."

"Mti mmoja uliuangusha, Kibwana," akasema Zaina. "Na baba mdogo angetuambia dawa yake ni ya polepole, shoka lisingeingia shambani. Mimi nimefukia mpaka mikono imeota sugu."

Kibwana akacheka. "Si ulifukia kwa kuwa harufu ya machungwa yaliyooza ilikukera jikoni kwako?"

"Ilinikera, sikatai. Lakini umeona nondo hata mmoja akitoka shimoni?"

Bi Semeni akawatazama wote watatu, na wote watatu aliwapenda. Shukrani ya punda ni mateke, naye hakutaka kuwa punda kwa yeyote kati yao. Akajitwika kapu, akatoka, akafika njia inapogawanyika kwenda kwa Mhina, kwa Kibwana na kwa Zaina. Hapo akasimama.

Basi nyinyi mlioketi hapa, msimwache mama wa watu na mzigo kichwani. Je, kapu hilo alitue mlangoni kwa nani?