Pia Isiyo na Msumari

Mwaka ule jino langu la mwisho lilipong'oka, Bwana Mbaruku mwenye mashamba alikitaka kisima cha uani kwangu. Wanawake wote walichota pale, na bila wao mimi umbea ningeupata wapi?

"Bi Kirembwe, tushindane kuzungusha pia," alisema mbele za watu. "Yako ikiacha kuzunguka kwanza, kisima changu."

"Na ikiacha yako, nakibakiza, na mkeo aje kuchota hapa. Lakini tuchezee uani kwangu kesho, magoti haya hayafiki kwako."

Alikuja na pia ya chuma, nzito, yenye pete ya meno kama ya msumeno kiunoni. Yangu ilikuwa ya mti wa mpera, imeng'oka msumari, chini imeviringa kama kisigino changu.

"Haina hata msumari!" alicheka.

"Nami sina meno, baba, tumefanana. Ila msumari wako mbona butu hivyo? Watu wanatazama."

Aliona haya, akaketi kuunoa mpaka ukawa kama sindano.

Tulizizungushia kamba, tukazirusha. Mimi nusura nirushe na kanga. Yake ilitua kwa kishindo, ikazama hadi kwenye pete, ikatulia tuli. Yangu ilizunguka ikiyumba kama mimi nitokapo harusini.

"Ardhi gani hii?" alifoka.

"Udongo mbichi, baba. Nimeukandika alfajiri, umekauka juu tu."

Siku ya pili mkewe alikuja na ndoo. Kabla haijajaa, tulishajua kwamba bwana alilala ameikumbatia pia yake.